Vipande vya Redio Iliyoachwa ni vya Nani?



Yafaa leo tulifikiri pamoja swali ambalo huenda likaonekana dogo. Kitu kilichoharibika, kikaachwa kwa fundi miaka na miaka, ni cha nani? Na vipande vizima vilivyomo ndani yake, je, ni halali fundi avitoe ili atengeneze kitu cha mtu mwingine? Swali hili sikulipata katika vitabu. Nililipata katika kibanda cha fundi redio, huku kwetu mwambao wa Ziwa Nyasa, tena nililipata nikiwa na hasira.

Mwaka 2016 redio yangu ilinyamaza. Nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi. Akaifungua, akaipima kwa mita yake, akasema, "Mwalimu, transista moja imekufa na kapasita moja imekauka. Spea nitaagiza Songea. Niachie." Akanitajia bei, nami nikasema nitarudi wiki ijayo. Sikurudi. Nilinunua simu yenye redio ndani yake, nikasahau. Mara mbili kijana alinitumia salamu kwamba redio yangu bado iko kwake. Mara mbili nikajibu, "Mwambieni kesho."

Kesho hiyo ilifika mwaka 2019. Mjukuu wangu aliuliza habari za ile redio, nami nikaenda kuidai. "Shikamoo, mwalimu," akasema fundi, akaishusha kutoka rafu ya juu. Nilipoipokea nikaona ni nyepesi. Kumbe spika haimo! Na kwenye bodi, yaani ule ubao mwembamba ambao vipande vyote vimeshikizwa kwa risasi, palikuwa na matundu matupu. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Kijana, umeniibia."

Hakujitetea. Alichukua daftari la shule, akatafuta ukurasa, akanigeuzia nisome. Palikuwa na jina langu na tarehe niliyoleta redio. Chini yake orodha: spika, imekwenda kwenye redio ya mama mmoja anayeanika dagaa, transista mbili ndogo, zimekwenda kwenye kikuza sauti cha kwaya, koili, ipo katika kopo la nne. Kila kipande kilikuwa na tarehe yake. Na mwisho wa ukurasa, kwa kalamu nyekundu, aliandika: "Nadaiwa na mwalimu."

Ndugu zangu, kwaya ile nilikuwa nimeisikiliza Jumapili nyingi bila kujua kwamba vipande vya redio yangu vilikuwa vikiibeba sauti yake.

Sasa tuamue. Wengine watasema fundi hana kosa. Mwenye mali aliitupa kwa vitendo, ingawa hakuitupa kwa maneno. Spika iliyokaa rafuni miaka mitatu haikumfaa mtu, na huyo mama mwenye mume mvuvi anahitaji kusikia habari za hali ya hewa kabla mtumbwi haujatoka. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, jinsi watu walivyokusanyika katika vikundi kuizunguka redio moja ili wajifunze kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Redio si pambo. Kuiacha ioze ilhali jirani anaihitaji ni uchoyo, hata kama ni uchoyo wa kusahau.

Wengine watasema kosa ni la fundi. Kitu kilichopelekwa kutengenezwa ni amana, na amana haigeuki kuwa mali ya anayeitunza kwa sababu siku zimepita. Leo atatoa spika ya redio iliyoachwa miaka mitatu, kesho atatoa ya redio iliyoachwa wiki tatu. Tena wako mafundi, twawajua, wanaotoa kipande kizima katika redio ya mteja na kutia kibovu, kisha wakadai malipo ya kipande hicho hicho.

Mimi nimefikiri sana, na naona kwamba pande zote mbili zina haki yake. Kijana alikosa, maana kuandika si kuomba ruhusa. Ile salamu aliyotuma haikusema, "Nataka kutoa spika." Lakini mimi nilikosa kwanza. Nilimfanya aifungue na kuipima redio yangu bure, nikaifanya rafu yake kuwa ghala langu, nikamjibu kesho ya uongo. Tofauti yetu ni moja tu: yeye kosa lake aliliandika, mimi langu nililisahau. Deni lililoandikwa laweza kulipwa. Lililosahauliwa ndilo linalogeuka kuwa wizi.

Hasira iliponitoka, nilimwomba anionyeshe kazi yake. Nyuma ya kibanda alikuwa na bodi nyingi chakavu: za redio, za chaja za simu, na za zile televisheni za kioo kinene. Nyingi za televisheni hizo zilitupwa baada ya nchi yetu kuanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ingawa zingeweza kutumika kwa kufungiwa king'amuzi. Huyeyusha risasi kwa chuma cha moto, akakitoa kipande upesi kabla joto halijakiharibu. Kapasita kubwa huzimaliza umeme kwanza, maana ile ya televisheni yaweza kumrusha mtu hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Rezista huzigawa kwa mistari yake ya rangi, kwa kuwa rangi ni tarakimu: njano ni 4, zambarau ni 7, na nyekundu ya mwisho ni sufuri mbili, basi hiyo ni omu 4,700. Transista huzipima moja moja. Nzima huingia katika makopo ya maziwa yenye namba, zilizokufa huwekwa mbali. "Mwalimu," akaniambia, "kibovu kimoja kikiingia katika kopo la vizima, kopo lote limeharibika, maana sitajua tena kipi ni kipi."

Maneno hayo yalinikumbusha habari ya meli Chauncy Maples, ambayo watu wa ziwa hili wanaijua. Misheni ya UMCA iliileta kutoka Uingereza ikiwa vipande vipande, katika vifurushi zaidi ya 3,000. Wapagazi wakavipitisha nchi kavu pale ambapo Mto Shire haupitiki kwa maporomoko yake, kisha meli ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1901. Je, kilichotenganisha meli na lundo la vyuma ni nini? Ni kwamba kila kipande kilijulikana ni kipi na mahali pake ni wapi. Vivyo hivyo na makopo ya fundi wetu. Kupanga vitu si usafi wa kibanda tu. Ni namna ya kusema ukweli juu ya kila kitu, kwamba hiki ni kizima, hiki ni kibovu, hiki kimetoka kwa fulani.

Na ndugu zetu wa milimani Mbinga wanalijua jambo hili tangu zamani. Mmatengo akilima ngoro hachomi nyasi alizofyeka. Huzilaza kwa mistari inayokatana, huzifunika kwa udongo anaouchimba katikati, na mashimo yakabaki kuzuia maji ya mvua yasiuporomoshe mlima. Kile ambacho wengine wangekiita takataka, yeye hukipanga kikawa rutuba.

Lakini hapa tujihadhari. Nyasi huoza; risasi haiozi. Kila kibanda cha fundi kina mabaki yasiyofaa tena: bodi tupu, vioo vya televisheni, nyaya. Nimewaona vijana wakichoma nyaya ufukoni ili wapate shaba, na moshi mweusi ukiwafunika watoto wanaocheza karibu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na dhara hilo halirudi nyuma. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, ule Mto Shire, na mlango huo uko mbali kusini. Tunachokitia humu hakiondoki upesi, nasi twanywa humu na kuvua humu. Wala si tatizo letu peke yetu: mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na sehemu iliyojulikana kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo haikufika robo. Kwa hiyo fundi mwaminifu hana budi kuwa na kopo moja zaidi, la vitu visivyofaa, naye asilimwage wala asilichome.

Tulimalizaje, mimi na kijana? Nilimwomba radhi mbele ya watu wale wale niliomwitia mwizi mbele yao. Naye akaniomba radhi. Spika nikaiacha kwa yule mama, transista nikaziacha kwa kwaya. Fundi akasema ataniundia redio nyingine kwa vipande alivyo navyo. Nikamwuliza, "Vya nani hivyo?" Akacheka, akafungua daftari. Safari hii mbele ya kila jina palikuwa na neno jipya: "Ameruhusu."

Basi, wapendwa, kila mmoja akumbuke usiku huu: nimeacha nini kwa fundi, kwa fundi cherehani, kwa jirani, nikasema kesho? Tukavichukue, au tuwaambie waziwazi, "Kitumie, nimeruhusu." Na wewe fundi, uliza kabla hujafungua, na uandike kabla hujasahau. Redio yangu mpya inasema vizuri. Deni langu la kupimiwa ile ya kwanza nimelilipa, ingawa lilichelewa miaka mitatu.