TAFAKARI: Kalamu Inayojijaza Yenyewe



Wengi wetu tumekua na biki. Inaandika, inaisha, unatupa, unachukua nyingine dukani. Kalamu ya wino tunaijua kwa kuiona mezani kwa padre mzee au kwenye picha. Leo naomba niwaambie habari za kalamu moja ya wino, Parker 61, kwa sababu kuna jambo la imani nililolisoma darasani miaka mitatu ya falsafa na mtihani nikafaulu, lakini kalamu hii imenifundisha vizuri zaidi kuliko mtihani.

Kwanza sikia inavyojazwa. Kalamu nyingi za wino hujazwa kwa kuvuta. Zipo zenye kimpira ndani, unakibana na kukiachia. Zipo zenye pistoni ya kuzungusha, kama Pelikan ya Ujerumani tangu 1929. Mwaka 1952 Sheaffer wa Marekani walitoa moja inayochomoza kimrija chini ya ncha, kama mdomo wa mbu, kinakunywa wino halafu kinarudi ndani. Zote hizo, mkono wako ndio unaofanya kazi ya kuvuta.

Parker 61 ilitoka mwaka 1956, na hiyo ya mwanzo haina pampu, haina mpira, haina cha kuzungusha. Unafungua sehemu ya nyuma, unaigeuza kalamu ncha ikiangalia juu, unasimamisha mkia wake kwenye chupa ya wino, unasubiri. Basi! Haijafika dakika moja imeshajaa. Na ukiutoa, mkia wenyewe hauna wino nje, maana umepakwa Tefloni, ile ile ya kwenye kikaango kisichoshika chakula.

Inawezekanaje? Kama umekulia huku kwetu Kigoma, jibu unalo nyumbani: koroboi. Hakuna mtu anayepampu koroboi. Utambi umekaa kwenye mafuta ya taa, mafuta yanapanda yenyewe kupitia nafasi ndogondogo za uzi. Ndani ya mkia wa kalamu hii kuna plastiki nyembamba iliyoviringishwa, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine kuna nafasi ndogo sana. Wino unapanda humo kama mafuta kwenye utambi. Kinyume chake ni karabai. Wazee waliovua dagaa usiku kwa karabai, kabla ya hizi taa za sola, watakwambia: mwanga unafifia, unapampu, unafifia, unapampu tena, mpaka alfajiri.

Sasa nikuulize, sala yako ni karabai au koroboi?

Sisemi mkesha ni mbaya, wala novena, wala kufunga. Nasema juu ya ile hali ambayo vijana wengi tunaijua: semina imekwisha, moto uko juu, Jumatano umeshafifia, Ijumaa unatafuta semina nyingine ya kukupampu. Ukikauka unadhani hukuomba kwa sauti ya kutosha. Mtakatifu Augustino alibishana sana na Pelagio na wafuasi wake kuhusu jambo hili, karne ya tano. Pelagio alikuwa mtu mwenye bidii, si mvivu. Shida ni kwamba alifundisha kana kwamba mtu anaweza kuufikia utakatifu kwa nguvu zake mwenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1996, inaeleza neema kuwa ni msaada wa bure ambao hatukustahili. Ukisogea hadi namba 2001 utakuta jambo linaloshangaza zaidi: hata kule kujiandaa kuipokea neema, tayari ni kazi ya neema.

Mtu atasema, basi Frateri, nikae tu? Hapana. Kalamu iliyofungwa haijai hata ukiizamisha ziwani. Lazima ifunguliwe, igeuzwe, iwekwe penye wino, na ibaki pale. Maria wa Bethania (Lk 10:38-42) hakuwa amelala. Alikuwa ameketi mahali fulani, miguuni pa Mtu fulani, na akabaki hapo wakati sufuria zinalia jikoni.

Lakini hilo si jambo lililonifanya niandike leo. Lililonifanya niandike ni kuziba.

Kalamu ninayoisema ni ya mzee mmoja hapa Katubuka, katekista mstaafu. Alipewa na padre mmoja wa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe waliofika Ujiji Januari 1879. Mzee aliandikia kalamu hiyo majina ya wakatekumeni kwa miaka mingi, halafu mkono ukaanza kutetemeka, akaiweka kabatini na wino wake ndani. Nilipokuja huku kwa mwaka wa kichungaji akanipa akisema, “Frateri, hii imekufa, ichukue ukachezee.”

Nikamwambia, “Shikamoo tena mzee wangu, haijafa hii. Imeziba.”

Na huo ndio udhaifu mkubwa wa kalamu hii. Wino ukikauka ndani ya zile nafasi ndogo, haunywi tena. Unaisimamisha kwenye wino mpya, mzuri, wa bei, na hakuna kinachopanda. Shida haiko kwenye wino. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba chochote kinachopokelewa hupokelewa kulingana na hali ya chombo kinachopokea. Mwanafalsafa yeyote wa mwaka wa kwanza analijua hilo, lakini nenda kaliangalie kwenye kalamu iliyoziba.

Mjukuu wa mzee akaleta koleo. Mwingine akashauri sindano. Ukifanya hivyo umeiua kweli: gamba la mbele linapasuka, kile kimshale kidogo kilichopachikwa karibu na ncha kinabanduka, na ndani unachana kile kile kinachobeba wino. Maji ya moto nayo hapana, plastiki ya zamani hukunjamana. Dawa ni maji ya kawaida, ya baridi. Unasimamisha mkia kwenye glasi, unaacha yapande. Kisha unaiegemeza ncha juu ya tishu iliyokunjwa, tishu inayavuta yale maji pamoja na wino uliolainika. Halafu unarudia. Kesho unarudia.

Siku ya kwanza tishu ilitoka nyeusi. Siku ya nne ilikuwa bluu nzito. Siku ya tisa, bado bluu. Mzee akaja kuchungulia: “Bado tu? Wino wote huu ulikuwa umekaa wapi?” Nikamwambia aliandika wakatekumeni wengi mno. Akacheka mpaka akakaa chini.

Siku hizo hizo kijana mmoja alinifuata. Mimi si padre, siungamishi mtu, tuliongea tu chini ya mwembe, na ameniruhusu kuandika bila kumtaja. Anabeti. Alishaweka mkeka kwa pesa ya mtaji wa mama yake wa dagaa, ukachanika. Ameungama mara nne. Akaniambia, “Frateri, ya tano siendi. Padre atanionaje? Lile lile kila siku. Bora nisubiri nikishaacha kabisa, ndipo niende.”

Nikampeleka chumbani, nikamwonyesha ile glasi. Hakuelewa. Nikamuuliza, maji haya ya bluu yanamaanisha nini, kwamba kazi inashindikana? Akayaangalia. Akasema, “Si ndiyo unatoka?”

Ndiyo, unatoka.

Hapa mfano wangu unachechemea kidogo, lazima niseme, msije mkapotoshwa. Padre anapokupa maondoleo, dhambi uliyoiungama kwa majuto ya kweli na nia ya kuiacha inasamehewa yote, saa ile ile. Mungu hasamehi kwa awamu kama mkopo. Kinachobaki ndani na kutoka polepole ni mazoea. Katekisimu namba 1865 inasema kurudia matendo yale yale kunazaa mwelekeo wa dhambi, na mwelekeo huo haung'oki kwa koleo. Wapo vijana wanaojaribu koleo: wanajitukana, wanaapa viapo vikubwa, wanafuta programu ya kubeti usiku na kuirudisha asubuhi. Wanapasua gamba, wino uko pale pale.

Naamani wa Siria (2 Fal 5) alikuwa jemadari, na alikasirika nabii alipomtuma akajichovye tu kwenye Yordani. Tena mara saba! Alitaka tendo kubwa zaidi, na alikuwa na mito ya kwao aliyoiona mizuri kuliko huo. Mimi huwa nafikiria mara ya nne. Ametoka majini, anaiangalia ngozi, bado, na watumishi wake wanamtazama pale ukingoni. Maandiko hayasemi alijisikiaje. Yanasema tu alizama mara saba, kama alivyoambiwa.

Na kuhusu padre kuchoka: Papa Fransisko, katika Angelus yake ya kwanza, 17 Machi 2013, alikumbusha kwamba anayechoka ni sisi katika kuomba msamaha, Mungu hachoki kuutoa. Kusubiri mpaka uache kabisa ndipo ukaungame ni sawa na kusubiri kalamu izibuke ndipo uitie majini.

Bado kuna pesa ya mama. Hili nilimwambia yule kijana bila kumung'unya: maondoleo hayalipi deni. Katekisimu namba 1459 iko wazi kwamba anayesamehewa bado ana wajibu wa kurekebisha madhara aliyofanya, kadiri inavyowezekana. Mama anaamka saa kumi usiku kwenda Kibirizi kuwahi dagaa. Anatakiwa aambiwe ukweli, na arudishiwe, hata kidogo kidogo. Kijana alinyamaza muda mrefu hapo. Kumwambia padre aliona ni rahisi kuliko kumwambia mama.

Siku ya kumi na mbili tishu ikatoka nyeupe. Nikaisimamisha kalamu kwenye wino, mzee akiwa pembeni, na hatukugusa kitu. Ilipanda. Aliandika jina lake la ubatizo, herufi zikitetemeka, akanirudishia, akasema nisije nikaiweka kabatini.

Alikuwa sahihi hata kifundi. Kalamu hii haichoshwi na kuandika, inaziba kwa kukaa na wino bila kuandika. Kwa hiyo iandikie kila siku, hata mistari miwili. Ukisafiri, ioshe. Usiitie wino wa kuchorea, ule mweusi mzito, utaganda humo moja kwa moja.

Sehemu zetu hizi zinajua uzito wa wino. Mwaka 1871, huko Nyangwe, ng'ambo ya ziwa kwenye mto Lualaba, David Livingstone aliishiwa wino na karatasi. Akatengeneza wino kwa matunda ya mwituni, akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza. Kwa wino huo aliandika alichokiona sokoni tarehe 15 Julai, watu wakipigwa risasi na wafanyabiashara ya watumwa. Baadaye mwaka huo Stanley alimkuta hapa Ujiji, na habari zake zikafika Uingereza. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa, na maandishi yake yalichangia. Wino ule ulififia mpaka ukawa hausomeki, na mwaka 2011 wataalamu wakausoma tena kwa picha za mwanga maalumu. Hakuwa Mkatoliki, na kalamu nzuri hakuwa nayo. Kidogo alichokuwa nacho alikitumia. Sisi tuna Komunyo, tuna Kipaimara, tumejaa mpaka shingoni, na yule mgonjwa wa jumuiya yetu hatujamtembelea tangu Pasaka.

Yule kijana alienda mara ya tano. Kwa mama yake alienda kabla, jioni, na hilo sitalieleza kwa kuwa si langu.

Wewe unayesoma hii kwenye simu usiku, na unajua ni nini kimekaukia ndani: kama padre wa parokia yako anakujua mpaka sauti, na hiyo ndiyo inayokukwamisha, Kanisa halikukatazi kwenda kwa padre mwingine. Panda bodaboda, nenda parokia ya jirani. Na kama hujui uanze vipi, anza hivi: “Padre, ni lile lile.” Ataelewa.