Kusaidiwa na Kudanganya

Katika maisha yangu ya ualimu nilitumia saa nyingi kuwasaka watu wanaosaidiwa. Nyakati za mitihani nilipita katikati ya madawati nikitazama viganja, mikono ya mashati na vipande vya karatasi. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ikifanywa kwa miaka mingi humtia mtu ugonjwa: kila msaada auonao huudhania kuwa wizi. Ugonjwa huo niliupata mapema, nao uliniingiza katika dhuluma ambayo hata sasa, nikiwa mzee wa miaka sabini na ushei hapa Misima, sijaitua. Jambo lenyewe linahusu gita la umeme.

Mwaka 1979 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu, na pia mlezi wa bendi ya wanachuo. Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki Januari mwaka huo kwa ajali ya gari kule Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Kila kijana aliyeshika gita alitaka kupiga solo kama yeye. Chuo kilikuwa na gita moja la solo, na lilikuwa mali ya chuo. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Katika bendi nyingi za zama zile, za jumuiya na za majeshi, vyombo vilikuwa mali ya taasisi, wala si mali ya wapigaji.

Miongoni mwa wanachuo alikuwapo kijana mmoja, mtoto wa mkata mkonge wa Korogwe, ambaye vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikatwa na mashine ya kuparulia mkonge, ile tuiitayo korona. Alipiga gita kwa vidole vilivyobaki, na alipiga vizuri. Kitu kimoja tu kilimshinda. Mpiga solo anapotaka uzi ulie, huusukuma kwa kidole kuelekea pembeni. Uzi hukaza, na sauti hupanda taratibu bila kuruka, kama sauti ya mtu aliaye. Kwa kawaida kidole kinachosukuma huegemezwa na vidole jirani. Yeye jirani hao hakuwa nao.

Basi akatafuta mkono wa breki wa baiskeli kuukuu pamoja na waya wake. Akaufunga kwenye mwili wa gita kwa skrubu mbili, na ncha ya waya akaiunga na uzi wa pili, nyuma ya daraja. Alipoubana mkono ule kwa kiwiko cha kulia, waya ulivuta uzi na sauti ikapanda. Alipouachia, uzi ulirudi mahali pake, ingawa si kila mara ulirudi sawasawa.

Siku ya mashindano ya mabweni alipanda jukwaani na gita hilo, na kifaa kikionekana na kila mtu. Watu walisimama kushangilia. Mpigaji wa bweni jingine akaja kunilalamikia: yeye alikuwa amefanya mazoezi miezi mingi mpaka ncha za vidole zikaota sugu, iweje mwenzake apate sauti ile ile kwa breki ya baiskeli? Nilikuwa mwamuzi mkuu, nikakubaliana naye papo hapo. Nikalifuta bweni lile katika mashindano. Yule kijana aliniambia kwa adabu, "Mwalimu, sauti naisikia kichwani. Vidole ndivyo havipo." Sikumjibu. Katika faili lake niliandika makosa mawili: udanganyifu na uharibifu wa mali ya chuo. Skrubu zilikuwa zimeacha matundu mawili. Akaondolewa katika bendi, akamaliza masomo, akapangiwa shule ya mbali. Sikupata kumwona tena.

Miaka michache iliyopita mjukuu wangu, anayejifunza gita, alinionyesha picha za gita moja mashuhuri la Marekani. Ni gita la aina ya Fender Telecaster lililokuwa la Clarence White, mpigaji wa bendi iitwayo The Byrds. Nilipoelezwa habari zake nilihisi kama nasomewa faili langu mwenyewe.

White alikuwa na vidole vyote kumi, na alikuwa fundi ajabu. Lakini mnamo mwaka 1967 alitaka sauti ambayo mikono miwili haikuweza kuitoa. Vidole vya kushoto vilikuwa vimeshika nyuzi mbali, kuelekea mwilini mwa gita, na papo hapo alihitaji uzi mmoja uvutwe kule juu, karibu na funguo za kukazia nyuzi. Alihitaji mkono wa tatu. Rafiki yake Gene Parsons, mpiga ngoma, akasimama kando yake na kuuvuta uzi huo wakati ulipotakiwa. Baadaye Parsons, ambaye pia alikuwa fundi wa mikono, akatengeneza kifaa cha kushika nafasi yake. Alilichimba gita lile mgongoni, akaweka ndani yake nyenzo na springi, na kuziunganisha na pini ya mkanda wa begani. Mpigaji akiisukuma shingo ya gita kuelekea chini, mkanda huvuta wenzo, wenzo huvuta uzi wa pili, na sauti hupanda hatua moja kamili. Akiachia, springi huurudisha.

White alifariki mwaka 1973, naye pia barabarani, baada ya kugongwa na gari. Mwaka 1980 gita hilo lilinunuliwa na mwanamuziki Marty Stuart kutoka kwa mjane wake, naye ameendelea kulipiga jukwaani. Hakuna ajuaye muziki ule ambaye hulitazama tundu la mgongoni akasema limeharibiwa. Tundu hilo ndilo linaloheshimiwa.

Ndugu msomaji, tusiliendee jambo hili kwa huruma, kwa kusema kwamba yule kijana alistahili kuachiwa kwa kuwa alikuwa na ulemavu. Huruma ingemshushia hadhi. White hakuwa na ulemavu wowote, na bado mkono wake ulikuwa mfupi kuliko sikio lake. Kila mtu ana mahali ambapo mkono wake unakomea. Tofauti ni kwamba wengine hukomea mapema, na wengine mbele zaidi.

Hebu tuulize basi: Parsons alipouvuta uzi kwa kidole chake, je, White alidanganya? Nadhani hakuna atakayesema hivyo. Wawili wamepiga pamoja, kama vile katika bendi zetu solo, ridhim na besi hugawana wimbo ambao mmoja hauwezi peke yake. Na kama mkono wa rafiki si udanganyifu, wenzo uliochukua nafasi ya mkono huo unakuwaje udanganyifu? Hata katika taarabu ya Unguja kuna kinanda kiitwacho kanuni, chenye vijiti vidogo vya chuma ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza ili kubadilisha sauti ya nyuzi. Kabla ya vijiti hivyo wapigaji waliminya uzi kwa ukucha wa dole gumba la kushoto. Sijapata kumsikia mtu akidai kuwa mpiga kanuni wa leo ni mwizi.

Nionavyo mimi, kinachotenga msaada na udanganyifu ni maswali mawili. Swali la kwanza: je, msaada umefichwa? Swali la pili: je, msaada umefanya kile hasa kilichokuwa kinapimwa? Mwanafunzi aliyevaa miwani katika mtihani wa hesabu amesaidiwa kuona, lakini hakusaidiwa kukokotoa. Mwenye karatasi ya majibu sokoni mwa shati lake amesaidiwa kile kile tulichotaka kukipima, tena kwa siri. Yule kijana hakuficha kitu. Na nilikuwa napima nini? Kama ilikuwa nguvu ya vidole, nilipaswa kutangaza hivyo kabla ya mashindano. Tangazo la ukutani lilisema ni mashindano ya muziki.

Mlalamikaji naye alikuwa na haki yake. Jasho lake lilikuwa la kweli, na chombo kipya huwaonea daima waliozoea njia ya zamani. Lakini breki ile haikujua ni wakati gani uzi ulie, wala ulie kwa kiasi gani. Hayo aliyajua mpigaji, na kuyajua hayo kulimgharimu mazoezi vilevile. Nilichopaswa kufanya ni kuwasikiliza wote wawili kwa masikio. Mimi niliwasikiliza kwa macho.

Linaloniuma zaidi ni kwamba asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimefundisha Elimu ya Kujitegemea. Niliwaambia wanachuo wasingoje vifaa kutoka ng'ambo, wabuni vyao kwa vitu vilivyo karibu nao. Jioni mmoja wao akanitii, nami nikamwadhibu.

Nikirudishiwa faili lile leo, neno "udanganyifu" nitalifuta kwa mkono wangu na kuweka sahihi. Neno la pili sitalifuta. Gita la White lilikuwa lake na rafikiye akalichimba kwa ridhaa yake, lakini gita la chuo lilikuwa la wote, na kijana hakuomba ruhusa. Nitaongeza tu mstari mmoja chini yake: kwamba kama angekuja kuiomba, mlezi wa bendi wa wakati ule angemnyima.