Wewe Uliye Kati, Fumbua Kinywa!

Ndugu zangu wa Kipkelion, leo sisemi na wenye kuchochea. Hao wana wahubiri wao, tena wengi, hasa kura zikikaribia. Nasema nawe binti wa Kisii uliyeolewa kwa Wakipsigis, ambaye kaka yako akipiga simu unatoka kuongea nje chini ya mti, na ukirudi shemeji anakuuliza, "Kwenu wanasemaje?" Unajibu, "Hawajambo tu." Nasema nawe kijana mwenye baba Mkipsigis na mama Mkikuyu, unayecheka matusi ya wajomba mchana na matusi ya baba zako wadogo jioni. Unaita hiyo amani. Amani gani! Ni woga uliovaa nguo za Jumapili.

Wala msiniletee ile methali ya fahali na nyasi. Nyasi hazina kinywa. Wewe unacho.

Fungueni Samweli wa Kwanza, sura ya 20. Yonathani ni mwana wa Sauli, na anampenda Daudi kama nafsi yake. Sisi tungefanyaje? Tungemnong'onezea Daudi pole gizani, kisha mezani kwa Sauli tukala nyama kimya. Yonathani hakula! Alimwuliza baba yake ana kwa ana: huyu auawe kwa kosa gani? Akatupiwa mkuki. Mkuki wa baba mzazi, jamani! Aliye kati hapigwi na mgeni. Hupigwa na wa kwao, na ndiyo maana tunaogopa. Lakini tazameni: hakumsaliti Daudi, wala hakumkimbia baba yake. Alikufa vitani pamoja naye, mlimani Gilboa.

Mtasema hayo ni ya Wayahudi wa kale. Haya, njooni nyumbani. Mwaka 1956 watawa Watrapisti walitoka Tilburg, Uholanzi, wakaanzisha monasteri hapa, mji ukiitwa bado Lumbwa. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa Desemba 30, 2007, na nyumba zikaanza kuwaka, mamia ya waliofukuzwa makwao walikimbilia humo. Waliokimbia walikuwa jirani wa watawa. Waliowafukuza nao walikuwa jirani. Lango halikufungwa! Gharama yake? Mwaka uliofuata, 2008, baada ya zaidi ya nusu karne, watawa walihama wakaenda Uganda. Siwadanganyi kwamba aliye kati atapigiwa makofi.

Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchini katika ghasia hizo: watu 1,133. Kofi Annan akaja, akawapatanisha Kibaki na Raila. Februari 28, 2008, wakatia sahihi Nairobi mbele ya kamera. Vizuri. Ni nani aliyekuja kupatanisha jiko la mama yako na jiko la mama mkwe wako? Hakuja mtu! Hakuna mjumbe atakayetumwa huko, kwa sababu mjumbe ni wewe, unayejua njia ya nyumba zote mbili na lugha ya nyumba zote mbili.

Basi shemeji akiuliza tena, binti, keti. Mwambie kwamba mama yako bado analilia nyumba iliyoteketea, na kwamba angetaka kusikia pole kutoka kinywani mwa mtu wa huku. Kisha panda matatu uende kwenu. Kaka zako wakianza kusema "watu wale", wakatize, wakiwa na hasira hivyohivyo, uwaambie ni mlango wa nani uliofunguliwa usiku ule mkajificha.