Ubingwa wa Waliokuwa wa Tatu

Msimu wa 2005-06 Juventus walimaliza Serie A wakiwa na pointi 91. Milan 88, Inter 76. Ukiangalia leo orodha ya mabingwa wa Italia, msimu huo umeandikwa Inter. Timu iliyoachwa pointi 15! Kwenye kibanda chetu cha mpira jambo hili bado linagombanisha watu wazima, na mimi ni mmoja wao.

Kilichotokea wengi wanakijua. Mei 2006 zilitoka sauti za simu za Luciano Moggi, mkurugenzi wa Juventus, akiongea na wale wanaopanga waamuzi. Juventus wakanyang'anywa mataji mawili, la 2004-05 na la 2005-06, wakashushwa Serie B na kukatwa pointi. Milan nao walikatwa, ndiyo maana Inter wakapanda juu. Taji la 2004-05 halikupewa mtu, likaachwa wazi. Mimi naona hilo la kuachwa wazi ndilo la haki. Unaweza kumwambia mtu hakushinda, lakini huwezi kumfanya mwingine awe ameshinda.

Ila swali linaloninyima usingizi ni la Nedved. Yeye hakupiga simu. Buffon na Del Piero walishuka pia, na Buffon mwezi huohuo wa Julai alikuwa ametoka kubeba Kombe la Dunia pale Berlin. Kosa la ofisi, adhabu ya waliokimbia uwanjani.

Nalisema hili kwa sababu kwenye bloku yetu jamaa mmoja aliwahi kukutwa na kadi mbili za chakula. Mgao wa bloku nzima ukasimamishwa, eti mpaka uhakiki uishe. Siku tisa. Mama mdogo wangu, ambaye huyo jamaa hamjui hata kwa sura, alikopa unga kwa jirani wa bloku ya pili.

Kwa muda mrefu nilisema ni kitu kilekile: Nedved na mama mdogo. Rafiki yangu mmoja, shabiki wa Milan (na bado ana hasira), akanipinga. Akasema Juventus wote walikula: mishahara, bonasi, kombe, shangwe za mashabiki. Na timu ndogo zilizochezeshwa na mwamuzi aliyepangwa, nani atawarudishia pointi? Kwa hilo alinishinda. Anayekula faida ya wizi, hata bila kujua, hawezi kulalamika ikirudishwa.

Lakini bloku yetu ilikula nini kwenye ile kadi ya pili? Hata punje. Halafu mchezaji alikuwa na mlango. Ibrahimovic na Vieira walihamia Inter, tena Inter haohao! Cannavaro na Emerson wakaenda Real Madrid. Del Piero alibaki kwa hiari yake, akafunga mabao 20 Serie B, na tunamheshimu kwa kuwa angeweza kuondoka. Mama mdogo hana dirisha la usajili. Ndugu zangu wa mashirika, mnaposema "bloku iwajibike", hapo ndipo naomba mtuangalie vizuri.

Mgao ulipofunguliwa tulipimiwa wa siku zinazokuja tu. Deni la unga mama mdogo alilimaliza mwezi uliofuata.