Anayeuliza Asichekwe



Wako wazazi na walimu wanaodhani kwamba heshima ya mkubwa hulindwa kwa kuwa na jibu la kila swali. Mtoto akileta jambo lisilopatana na kitabu, huambiwa kwamba ni mbishi, au kwamba macho yake yamemdanganya. Je, tunayo haki ya kumjibu hivyo? Swali hili ni la maadili, lakini napenda tulipime kwa kisa cha fizikia kilichotokea hapa nchini kwetu.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana wa shule walikuwa wakitengeneza askrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika friji. Siku moja nafasi ya friji ilikuwa ndogo. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha kabisa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu walifungua, wakakuta maziwa ya Mpemba yameganda na ya mwenzake bado ni uji mzito. Alipomwuliza mwalimu sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwa kuwa jambo hilo haliwezekani.

Tusimlaumu mwalimu yule upesi, maana alikuwa na hoja. Fizikia iliyojengwa na Isaac Newton, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1687, inatufundisha kwamba ulimwengu una utaratibu: hali zikiwa zile zile, matokeo yatakuwa yale yale. Sasa fikiri watu wawili wanakwenda Bukoba kwa mguu kwa mwendo mmoja, mmoja ameanzia hapa Nyabiyonza na mwingine Kyaka. Yule wa Nyabiyonza atafikaje kwanza, naye hana budi kupitia Kyaka? Vivyo hivyo maji ya nyuzi 100 hayana budi kupitia nyuzi 35 kabla ya kuganda. Yakifika hapo, yale yaliyoanza na nyuzi 35 yamekwisha kutangulia.

Hoja hiyo ni nzuri, ila ina tundu. Inadhani kwamba msafiri wa Nyabiyonza anapofika Kyaka anafanana kwa kila kitu na yule aliyeanzia pale. Huenda njiani ametua mzigo. Maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, hutoa hewa iliyomo ndani yake, na huzunguka chomboni kwa namna nyingine. Yakifika nyuzi 35, kipimajoto kinasema ni sawa na yale mengine, lakini kipimajoto hakisemi yote. Utaratibu wa Newton haukuvunjwa hapo. Kilichovunjika ni dhana yetu kwamba tumekwisha kuzijua hali zote.

Mpemba alifaulu, akaenda Mkwawa, Iringa. Huko aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo wanafunzi walimfanyia mzaha kila alipokosea hesabu. Hakuacha. Aliingia maabara, akachukua vyombo viwili na maji, akajaribu mwenyewe.

Ndipo Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, kimoja kina maji ya nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka pamoja penye baridi kali, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walimcheka, na wengine walisema amewaaibisha. Dakta Osborne alimwuliza kama kweli amefanya jaribio hilo. Aliposikia kwamba amelifanya, alisema kwamba sababu haijui, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Akalijaribu kweli. Alimpa kazi fundi wa maabara, naye akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka yapatikane matokeo sahihi! Mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, jina la Mpemba likitangulia na la Osborne likifuata.

Basi tuangalie watu hawa mmoja mmoja. Mwalimu wa kwanza hakukosa kwa kutoamini, maana mtu ana haki ya kutoamini. Alikosa kwa kukanusha jambo ambalo hakwenda kulitazama. Wanafunzi walikosa kwa kufanya jina la mwenzao kuwa mzaha. Fundi alikwisha kuchagua jibu kabla ya kazi. Naye Osborne hakufanya ajabu yoyote. Hakumwamini kijana papo hapo, wala hakumsifu. Aliuliza, "Umefanya?" Akakiri kwamba hajui. Akaahidi, na ahadi yake akaitimiza. Hayo matatu hayahitaji shahada ya chuo kikuu.

Mtu atasema kwamba kisa kimoja cha askrimu hakitoshi kujenga hoja. Nami namkumbusha jambo kubwa zaidi. Mzee wa zamani wa Karagwe, ambako kazi ya chuma ilisifika tangu enzi za watawala wa Bweranyange, aliweza kukuambia kwamba chuma kikipata moto huanza kuwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Mhunzi hupima joto kwa rangi. Wataalamu wa Ulaya walipojaribu kueleza rangi hizo kwa fizikia waliyokuwa nayo, hesabu zilikataa. Zilidai kwamba kitu chenye moto kitoe mwanga usio na mwisho, jambo ambalo hakuna mhunzi aliyepata kuliona.

Katika karne ya 19 kijana wa Kijerumani, Max Planck, alimwendea profesa wake, Philipp von Jolly, kuomba shauri juu ya kusoma fizikia. Aliambiwa kwamba elimu hiyo karibu imekwisha, yamebaki mashimo madogo ya kuziba. Planck aliisoma hata hivyo, na mwaka 1900 akaonyesha kwamba hesabu za rangi zinakubali tu tukidhani kwamba nishati hutolewa kwa vifungu, kama duka linalouza sukari kwa pakiti na halikubali kufungua pakiti. Vifungu hivyo vinaitwa kwanta. Yeye mwenyewe hakuvipenda, lakini vipimo vilimlazimisha. Kutoka hapo ilizaliwa fizikia mpya, inayosema kwamba katika vitu vidogo sana hatuwezi kutabiri kila tukio. Chukua radiamu: katika miaka 1,600 hivi nusu ya atomi zake zitakuwa zimevunjika, lakini hakuna awezaye kusema atomi hii itavunjika lini. Tunachoweza kutaja ni uwezekano. Profesa aliyesema elimu imekwisha alikuwa msomi hodari, lakini kipimo cha yote yaliyobaki hakuwa nacho.

Yafaa sasa niseme upande wa pili, nisije nikawa kama fundi yule. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Henry Burridge na Paul Linden, walipima jambo la Mpemba kwa uangalifu mkubwa, wasilione. Walionyesha pia kwamba kuhamisha kipimajoto kidogo tu kunaweza kugeuza matokeo. Kwa hiyo ubishi juu ya maji haujaisha, na sisi Watanzania hatuna ruhusa ya kusema umekwisha kwa kuwa kijana alikuwa wetu. Wakati huo huo, wengine wameligeuza swali lile lile na kuliuliza katika fizikia ya kwanta: je, kitu kilicho mbali zaidi na utulivu kinaweza kufika kwenye utulivu kabla ya kile kilicho karibu? Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walitoa habari ya jaribio lililofanywa kwa chembe 12 za atomi zenye umeme, na jibu lilikuwa ndiyo. Jambo hilo si maji wala maziwa, lakini jina lake duniani kote ni la Mpemba.

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Kama kesho ingethibitika kwamba maji ya moto hayatangulii kuganda, je, waliomcheka Mpemba wangekuwa wametenda haki? Nasema hapana. Haki ya kijana ya kusikilizwa haikutoka katika usahihi wa jibu. Ilitoka katika kuwa alitazama, akajaribu, akasema kweli ya alichokiona. Tukimheshimu mwenye kuuliza pale tu anapokuwa sahihi, hatumheshimu yeye, tunaheshimu ushindi.

Lakini wajibu ni wa pande zote mbili. Mtoto naye afundishwe kwamba kuuliza siyo kubisha tu. Aseme ametazama nini, mara ngapi, na kwa kipimo gani. Na mkubwa asione haya kusema "sijui", mradi asiishie hapo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi mtoto wako akikujia jioni na jambo usilolielewa, kabla hujamwambia haliwezekani, mwulize kwanza kama amelijaribu. Akisema ndiyo, inukeni mkalitazame pamoja.