Kifaa cha Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. (Wengine hutumia neno zito kuliko maungo, lakini huenda kitabu hiki kikasomwa na wajukuu.) Methali hii nimeisikia tangu utoto na sikuwahi kuitilia shaka. Cha mtu ni cha mtu. Siku atakapokitaka utabaki uchi mbele za watu. Lakini viko vitu vilivyotengenezwa tangu mwanzo ili viazimwe, na kimojawapo hufungwa papo hapo penye maungo.

Msomaji ambaye hajapata kukiona afikirie fito mbili nyepesi za chuma, zimeunganishwa kwa bawaba na kufungwa kwa mikanda juu na chini ya goti au kiwiko. Katika bawaba mna springi. Kiungo kilichokakamaa baada ya kuvunjika au kupasuliwa, kovu la ndani likakikaza, huvutwa na springi hiyo kwa nguvu ndogo, kwa saa nyingi, aghalabu usiku mtu akiwa amelala. Nguvu ndogo isiyochoka hufanya lile ambalo nguvu kubwa ya mara moja haiwezi. Aliyefundisha watoto kusoma hahitaji kuelezwa zaidi.

Huko Marekani vifaa hivi aghalabu hukodishwa kwa mwezi, na bima hulipa. Mwanafunzi wangu wa zamani pale chuoni, ambaye sasa anatunza wazee huko, alivunjika kiwiko akakodishiwa kimoja. Mkono wake ulikuwa umebakiza nyuzi 40 kunyooka. Katika miezi mitatu zikapungua zikawa 20, kisha mkono ukasimama hapo. Mwezi wa nne, 20. Mwezi wa tano, 20. Kampuni yake ya bima ikamwandikia kwamba kwa kuwa hakuna maendeleo, haitalipa tena. Wenye kifaa wakampa hiari: aendelee kukodi kwa fedha zake, au akinunue. Akanipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu. Sikuulizi habari ya fedha. Nakuuliza kama hii ni haki."

Swali hilo limenikalisha barazani siku nyingi.

Msaada wowote lazima uwe na mwisho, hilo silipingi. Ila mwisho huja kwa njia mbalimbali. Nchi hiyo ina bima ya serikali ya wazee, Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Mashine inayokunja na kunyoosha goti yenyewe, baada ya mtu kuwekewa goti la bandia, bima hiyo huilipia kwa wiki 3 tu tangu siku ya upasuaji. Hapo kinachoamua ni kalenda. Vifaa vya springi huhesabiwa kwa njia nyingine. Mradi daktari athibitishe kuwa bado kinahitajika, kodi ya kila mwezi huwa asilimia 10 ya bei ya kununulia kwa miezi 3 ya kwanza, kisha asilimia 7.5 kwa miezi 10 inayofuata. Mgonjwa huchangia sehemu moja katika tano. Nilichukua kalamu: 30 na 75 ni 105. Yaani katika miezi 13 kifaa kimekwisha kulipiwa na kuzidi kidogo, na kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 2006 huwa mali ya mgonjwa. Kabla ya hapo aliulizwa katika mwezi wa 10 kama anataka kukinunua au kuendelea kukodi. Akikodi, hata akimaliza malipo, kifaa hubaki cha mwenyewe.

Kalenda ina ukatili wake, na bei ina ukatili wake, lakini hakuna hata moja inayomtazama mgonjwa usoni na kumwambia kuwa hakujitahidi. Kipimo cha maendeleo husema hivyo. Ndicho kinachoonekana kuwa cha busara kuliko vyote, nami ndicho ninachokiona kuwa kibaya kuliko vyote.

Hebu tutazame nyuzi zile 20. Mkono ule haukukaa bure miezi miwili. Kovu bado lilikuwa likiuvuta kuukunja, na kila usiku springi ikiuvuta kuunyoosha. Pale uliposimama palikuwa na mapambano. Ondoa springi, na huenda mkono ukarudi ulikotoka. Lakini karatasi ya madai ina safu ya kuandika kilichopatikana, haina safu ya kuandika kilichozuiliwa kupotea. Nami nastaajabu kwamba hao wasioliona jambo hili ni watu wa bima! Mtu hulipa michango miaka 20 nyumba yake isiungue. Akiwauliza amepata nini, humjibu kwamba alikuwa amekingwa. Kwa nyumba wanajua kuwa kutopotea ni faida. Kwa kiwiko wamesahau.

Juu ya kukodi au kununua sikumpa jibu aliloningojea. Alitaka kununua, si kwa kupenda mali, bali ili asipimwe tena kila mwezi na mtu mwenye haja ya kuona amekwama. Namwelewa. Lakini kifaa kikinunuliwa, mwaka ujao kitakuwa uvunguni kikila vumbi, na kuna kiwiko kingine mahali kinachokihitaji. Kitu ambacho haja yake hupita ni vyema kipite. Kasoro haiko katika kuazima; iko katika kumfanya mlipaji kuwa ndiye mwamuzi wa lini haja imekwisha.

Kwa bahati njema, sheria ya huko ya mwaka 2010 inamruhusu kukata rufaa kwa kampuni, na ikikataa, kwa mpitiaji wa nje asiye mtu wao. Ameipeleka. Wakati akingoja, analipa kodi ya miezi miwili kutoka mfukoni mwake, maana wazee anaowainua kitandani wanahitaji mikono miwili.

Nilipomsomea hoja yangu ya nyumba na moto alicheka, kisha akanyamaza. "Na wale wengine, Mwalimu, wanaochanga pamoja nami? Kama mkono wangu utabaki hapa hapa, wanilipie hadi lini?"

Nilimwambia mpaka daktari aondoe springi wiki mbili, apime, aone kama unarudi. Akauliza kama wiki hizo mbili zikiuharibu, nani atalipa.