Kuku wa Mtoto

Neno la kusomwa: 2 Samweli 12:1–7



Wazazi kadhaa wa usharika wetu wa Mombo wametuuliza kama ni vema kuwapa watoto wadogo kuku wa kufuga. Twajibu kwamba ni vema sana, maana mtoto atunzaye kuku hujifunza mengi tusiyoweza kumfundisha kwa maneno matupu. Lakini kabla ya kusema habari za banda na chakula, imetupasa kuungama kosa letu wenyewe, ambalo mtoto mmoja alituonyesha.

Tangu reli ya Tanga ilipofika hapa mwaka 1905, Mombo umekuwa mji wa wageni: hawa wapanda Lushoto, hawa wapita kwenda Moshi. Watu wake wajua kumpokea mgeni, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili hiyo. Basi siku moja tulikwenda kuizuru nyumba ya Kikristo iliyo karibu na mashamba ya mkonge. Jua lilikuwa kali. Mwenye nyumba akatupokea kwa furaha, mkewe akatandika mkeka, na baada ya kitambo tukaletewa wali na kuku. Tukaomba, tukala, tukashukuru. Tulipokwenda nyuma ya nyumba kunawa mikono, tukamwona binti wa miaka saba hivi ameketi kando ya jiko. Alikuwa ameshika unyoya mwekundu, wala hakulia kwa sauti. Tukamwuliza, "Una nini, mwanangu?" Akajibu, "Alikuwa wangu, Baba Mchungaji."

Ndipo tukasikia habari yote. Baba yake alikuwa amempa tetea mmoja, akisema mbele ya watu wote wa nyumba ile, "Huyu ni wako." Mtoto akamchimbia mchwa, akampa maji, akamfungia kila jioni. Yule tetea alikuwa ameanza kutaga, na mayai manne yalikuwa kikapuni yakingojea mengine, ili aatamie. Lakini siku ile, habari ya kuja kwetu ilipofika, kuku wengine walikuwa wametawanyika. Mtoto akatumwa amwite wake, wala hakuambiwa sababu. Akamwita, naye kuku akaja, kwa kuwa aliijua sauti yake.

Wapenzi, mwaijua habari ya nabii Nathani na mfalme Daudi. Tajiri mwenye kondoo wengi alijiwa na msafiri, akawaachilia wa kwake, akamtwaa mwana-kondoo mmoja wa maskini, aliyelelewa pamoja na watoto wake, akamwandalia mgeni. Tumehubiri neno hili mara nyingi, na kila mara tulimtazama tajiri, tukamtazama na Daudi. Yule msafiri aliyekula hatukumtazama kamwe. Siku ile tulikuwa sisi.

Hata juma lilipokwisha tukarudi na tetea mwingine. Baba akatuambia, "Mchungaji, mtoto ana mali gani? Vyake vyote ni vyangu." Tukamjibu, "Ulipomwambia, Huyu ni wako, ulisema kweli au ulisema uongo?" Akanyamaza. Tukamwita binti, tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake, tukamkabidhi kuku. Akamtazama kuku, akamtazama baba yake, akasema, "Na huyu, wageni wakija?" Yule baba akainamisha kichwa kwa kitambo kirefu. Kisha akasema, "Wageni wakija, nitakuuliza wewe."

Basi, wazazi, na ninyi walimu mnaofundisha katika vijiji, tujifunze mambo matatu.

La kwanza ni habari ya ahadi. Mtoto hujifunza maana ya neno "Baba" nyumbani kwanza, kabla ya kuifikia Sala ya Bwana. Kama zawadi ya baba yake hutwaliwa mgeni wa kwanza abishapo hodi, atasadikije kwamba Mungu alimpa neema katika Ubatizo wala hatamnyang'anya? Mtume Paulo afundisha katika Warumi 11:29 kwamba Mungu hazijutii karama zake. Tena Amri ya Saba yakataza kuiba, wala haikusema kwamba mali ya mdogo si mali. Ukarimu ni wema, walakini aliyekirimu kwa kitu cha mtoto wake, mwenye kukirimu ni mtoto, naye hakuulizwa.

La pili ni habari ya kazi. Msianze na kuku wengi. Matetea watatu na jogoo mmoja wawatosha watoto wadogo. Banda liinuliwe juu ya nchi, liwe kavu, lipitishe hewa, na mlango ufungwe kabla ya giza kwa sababu ya kicheche na nyoka. Kuku akiatamia, mtoto ahesabu siku 21. Huko ndiko kujifunza saburi. Vifaranga wachanga wafunikwe kwa tenga, mwewe asiwachukue. Ugonjwa wa mdondo huweza kumaliza kuku wa nyumba nzima kwa siku chache, wala hauna dawa ya kuuponya. Lakini iko chanjo yake: tone moja katika jicho, na kurudiwa kila miezi mitatu, wakiwa wangali wazima. Mwulizeni afisa mifugo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bandani, wala wasile humo, wala wasiwabusu kuku. Akionekana kuku mgonjwa au mfu, mtoto asimguse, amwite mkubwa. Nawe mzazi uchungulie mwenyewe kila jioni, maana Mithali 27:23 yatuagiza kuijua hali ya makundi yetu. Usimtwike mtoto wa miaka mitano mzigo wote, kisha ukamchapa kuku wakifa.

La tatu ni habari ya kweli. Kula kuku si dhambi. Mungu alimpa Nuhu ruhusa hiyo. Basi patanisheni mapema: hawa ni wa kutaga, hawa ni wa kuuza, hawa ni wa kuliwa. Na aliyechinjwa asemwe kwamba amechinjwa. Msimwambie mtoto kwamba amepotea, akaenda kumtafuta vichakani hata usiku. Mtoto aweza kuuchukua msiba. Kudanganywa na babaye ni mzigo mzito zaidi.

Mwisho, twawakumbusha kwamba Bwana wetu hakuona haya kujifananisha na kuku. Katika Mathayo 23:37 aulilia Yerusalemu kama mama wa vifaranga awaitaye chini ya mbawa zake, nao hawataki. Kuku wa binti yule aliitikia sauti aliyoipenda, akachinjwa. Sisi twaitwa na sauti nyingine. Atuitaye ndiye aliyechinjwa, ili sisi tuitikao tuishi. Basi tusiogope kwenda. Na watoto wetu watusikiapo tukiwaita, nao wasiwe na sababu ya kuogopa.

Ee Bwana, utusamehe tuliyoyala bila kuuliza, ukatufanye wazazi wa kusadikiwa. Amina.